Nyimbo Zikifanana, Nani Kamwibia Nani?

Kila unapotoka wimbo mkubwa, haichukui muda kabla mtu hajauweka sambamba na wimbo wa zamani na kutangaza kwamba umeibwa. Wakati mwingine anakuwa na haki. Mara nyingi zaidi sikio lake limesikia sawasawa, ila hitimisho ndilo lililokosewa: nyimbo zinafanana kweli, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Kufanana unakupima kwa kusikiliza. Kunakili ni swali jingine, la nani alisikia nini, lini, na akakifanyia nini. Mashabiki huyachanganya maswali haya mawili kila wiki, na mahakama nazo zimewahi kuyachanganya kwa gharama ya mamilioni ya dola.

Sikio la msikilizaji wa kawaida halianzi na melodi. Linaanza na mdundo, kasi na sauti za ala. Chukua amapiano, muziki uliozaliwa kwenye vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, na ambao siku hizi umeingia hadi ndani ya Bongo Fleva. Ile besi nzito inayogonga na kuteleza inapatikana tayari ndani ya programu za kutengenezea muziki kama FL Studio. Prodyuza wa Dar es Salaam na prodyuza wa Pretoria wanafungua programu ileile, wanachagua sauti ileile, wanaweka kasi ya mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo nyimbo zao zimeshafanana. Anayesema "hizi mbili ni moja" hajadanganya. Amesikia mtindo, na mtindo hauna mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama za nchi nyingi, inalinda kazi iliyotungwa, si wazo lililo nyuma yake.

Ukitaka kujua kama nyimbo mbili zina undugu wa ndani zaidi, zivue biti. Imba melodi peke yake, polepole, bila ala, kisha iandike kwa do-re-mi. Waliopitia kwaya za kanisani wana faida kubwa hapa, kwa sababu wamezoea kuusoma wimbo noti kwa noti. Nyimbo nyingi zinazodaiwa kuwa pacha huachana hapohapo: moja inapanda, nyingine inashuka, na kilichokuwa kimeziunganisha ni ngoma tu.

Kuna jambo lingine linalodanganya sikio, nalo ni kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja ili kuibeba melodi. Mfuatano wa kordi unafanya katika wimbo wa pop kazi ambayo mizani hufanya katika shairi. Tarbia za mizani kumi na sita kwa mshororo zimetungwa kwa karne kadhaa, na hakuna malenga aliyemshtaki mwenzake kwa kutumia nane kwa nane. Vivyo hivyo kuna mifuatano michache ya kordi nne ambayo imebeba maelfu ya nyimbo, kwa sababu inapendeza na kwa sababu vidole vya mpiga gitaa anayeanza vinaifikia haraka.

Hilo ndilo lililobishaniwa mahakamani Manhattan, New York, mwaka 2023. Warithi wa Ed Townsend, aliyetunga "Let's Get It On" (1973) pamoja na Marvin Gaye, walidai kwamba mwimbaji wa Uingereza Ed Sheeran aliuchukua moyo wa wimbo huo kutengeneza "Thinking Out Loud" (2014). Kordi nne za nyimbo hizo zinakaribiana sana, na namna zinavyoingia kabla kidogo ya pigo inafanana. Walikuwa pia na video ya tamasha ambamo Sheeran anatoka kwenye wimbo mmoja na kuingia mwingine jukwaani bila kusimama. Kwa mtazamaji, hiyo ni kama kukiri. Sheeran alichukua gitaa mbele ya mahakama na kuonyesha jambo ambalo kila mpiga gitaa wa baa analijua: nyimbo zenye kordi za namna hiyo huunganika zote, na ndiyo maana wanamuziki huziunganisha. Tarehe 4 Mei 2023 baraza la raia waliokuwa wakiamua kesi hiyo lilisema hakunakili.

Ndani ya kesi ile kulikuwa na jambo ambalo wengi hawakuliona. Kwa sababu wimbo wa Gaye na Townsend ni wa mwaka 1973, kilicholindwa na sheria ya Marekani ya wakati huo ni utunzi ulioandikwa kwenye karatasi ya noti iliyowasilishwa kwenye ofisi ya hakimiliki. Rekodi tunayoifahamu sote, na sauti ya Gaye, na vionjo vya ala vilivyowekwa studio, havikuwa sehemu ya kesi. Wimbo mmoja huwa na mali mbili ndani yake: utunzi, yaani melodi na maneno, na rekodi yenyewe. Ukikata kipande cha rekodi ya mtu na kukipachika kwenye wimbo wako, hapo hakuna haja ya kuuliza kama zinafanana, maana ni sauti ileile. Mpiga ngoma Gregory Coleman wa kundi la The Winstons alipiga sekunde chache za ngoma mwaka 1969, na kipande hicho kimepachikwa kwenye maelfu ya nyimbo bila yeye kulipwa kitu. Na yale maneno yanayosambaa studio nyingi kwamba ukichukua sekunde saba, au mistari minne, huna kosa, hayana msingi wowote kisheria. Sekunde tatu zikiwa ndizo zinazoutambulisha wimbo, zinatosha kukupeleka mahakamani.

Tuje sasa kwenye kesi iliyonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito wake, kwa sababu ndani yake mtuhumiwa alikuwa mkweli na bado akashindwa.

Mwaka 1963 The Chiffons, kundi la wasichana kutoka Bronx, New York, walishika namba moja Marekani kwa "He's So Fine", wimbo uliotungwa na Ronnie Mack, kijana aliyefariki mwaka huohuo. Ulichezwa Uingereza pia. Desemba 1969 George Harrison wa The Beatles alikuwa Copenhagen, akaanza kucheza na kordi mbili na maneno ya dini. Mwaka uliofuata wimbo huo, "My Sweet Lord", ulitoka, na ukawa namba moja katika nchi nyingi. Kwa mtindo, nyimbo hizi hazikaribiani. Mmoja ni wa msichana anayemtamani kijana, wenye ngoma nyepesi na waitikiaji wanaoimba "doo-lang". Mwingine ni sala ndefu yenye magitaa mengi, inayotoka "haleluya" hadi "Hare Krishna". Hakuna ambaye angesema biti ni ileile.

Zivue mavazi hayo uone. "He's So Fine" imejengwa kwa vipande viwili vifupi. Cha kwanza ni so-mi-re, kinarudiwa mara nne. Cha pili ni so-la-do-la-do, nacho kinarudiwa mara nne. Katika marudio ya hicho cha pili, mwimbaji anaongeza noti moja ndogo ya kupita, ikawa so-la-do-la-re-do. Sasa "My Sweet Lord": so-mi-re mara nne, kisha so-la-do-la-do mara tatu, na mahali pa mara ya nne pana kipande cha kuvukia. Na ile noti ndogo ya kupita? Ipo, mahali palepale. So-mi-re peke yake ipo kila mahali, mtoto wa chekechea anaiimba. So-la-do-la-do nayo si ngeni. Lakini ya kwanza mara nne, ikifuatwa na ya pili kwa marudio, na pambo lilelile pahali pale, mbele ya kordi zilezile, ni mpangilio ambao bahati inachelewa kuutoa mara mbili.

Jaji Richard Owen, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa opera, alitoa uamuzi mwaka 1976. Alisema haamini kwamba Harrison alikusudia kunakili. Alimwona kama mtu aliyekuwa akitafuta, akili yake ikampa mchanganyiko wa noti ambao tayari ilijua kwamba unavutia, bila yeye kukumbuka ilikojulia. Hata hivyo wimbo ni uleule, Harrison alikuwa ameusikia wa kwanza, na sheria haiulizi kama ulidhamiria. Mwaka 1981 kiasi cha kulipa kikawekwa kuwa dola 587,000. Kiasi hicho ndicho kilicholipwa na kampuni ya Allen Klein kuinunua haki ya "He's So Fine". Klein alikuwa meneja wa Harrison kesi ilipoanza, akaja akanunua upande wa pili, na mahakama ilikataa apate faida juu ya mgongo wa mteja wake wa zamani.

Naona jaji alikuwa sahihi kuhusu melodi, na naamini pia Harrison alisema kweli. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila taabu kwa yeyote anayejua jinsi melodi zinavyokuja. Paul McCartney, mwenzake Harrison katika The Beatles, aliamka asubuhi moja na melodi ya "Yesterday" imekamilika kichwani, akashtuka. Kwa wiki kadhaa alizunguka akiwaimbia watu na kuwauliza kama wanaijua, kwa sababu hakuamini kwamba ni yake. Hakuna aliyeitambua, akaitunza. Woga ule ulikuwa wa haki kabisa. Kumbukumbu ya muziki hutunza noti na kusahau zilikotoka.

Kwa hiyo mahakama hutafuta mambo mawili kwa wakati mmoja: melodi zinakaribiana kiasi gani, na je, huyu wa pili aliweza kuusikia wimbo wa kwanza? Namba moja ya Marekani ya mwaka 1963 ni rahisi kuithibitisha. Siku hizi imekuwa vigumu zaidi, kwa sababu kila kitu kipo mtandaoni, na kuwa mtandaoni si sawa na kusikika.

Wimbo mmoja unaonyesha pande zote mbili. "Shape of You" ya Sheeran (2017) ina sehemu ambayo melodi yake inakaribia "No Scrubs" ya kundi la TLC (1999). Watunzi wa "No Scrubs" waliongezwa kwenye orodha ya watunzi mwaka huohuo wa 2017, bila kesi. Katika wimbo uleule kuna kiitikio cha "Oh I", ambacho mwanamuziki Sami Chokri alidai kimetoka kwenye "Oh Why" yake ya mwaka 2015. Hapo Sheeran alikataa. Kipande chenyewe ni noti chache zinazopanda ngazi fupi, zikiimbwa na sauti nyingi kwa pamoja. Aprili 2022 Jaji Zacaroli wa Mahakama Kuu ya London alieleza kwamba kufanana kupo, lakini ngazi ile ni ya kawaida mno, na hakuna ushahidi kwamba Sheeran aliwahi kuusikia wimbo wa Chokri. Hakunakili kwa kukusudia wala bila kujua. Baada ya hukumu Sheeran alisema kwamba nyimbo 60,000 zinaingia Spotify kila siku huku noti zikiwa 12 tu, na kwamba sadfa ni lazima itokee.

Hoja hiyo ya noti 12 ina nguvu, ila watu huikuza. Wakili Damien Riehl na mwanaprogramu Noah Rubin waliandika programu iliyotengeneza melodi zote zinazowezekana kwa noti 8 katika mapigo 12. Zilipatikana bilioni 68.7, wakaziacha huru kwa umma mwaka 2020 ili kuonyesha kwamba melodi zinahesabika. Hata hivyo hatuimbi melodi zote bilioni 68.7. Tunaimba zile ambazo koo inaziweza na sikio linazipenda, nazo ni chache sana, na watunzi wote wanachota humo. Kadiri kipande kinavyokuwa kifupi na chepesi, ndivyo sadfa inavyoaminika. Kipande kirefu chenye pambo lake la pekee, kama lile la The Chiffons, ni habari nyingine.

Hadi hapa mantiki inashikamana. Mwaka 2015 ilivunjika. Wanamuziki wa Marekani Robin Thicke na Pharrell Williams walikuwa wametoa "Blurred Lines" (2013), na Thicke mwenyewe alikuwa ameeleza kwenye mahojiano kwamba alitaka kitu chenye mwendo wa "Got to Give It Up" ya Marvin Gaye (1977). Walipata walichotaka: ngoma ya kifaa cha kugonga, besi ya kuchezacheza, kelele za watu kwenye karamu, sauti nyembamba ya kiume. Ukizivua biti na kuandika melodi kwa do-re-mi, hazilingani. Baraza la raia la mahakama ya Los Angeles liliwatia hatiani, na fidia, baada ya kupunguzwa, ikawa takribani dola milioni 5.3, pamoja na nusu ya mapato ya utunzi ya baadaye. Mahakama ya rufaa iliikubali hukumu mwaka 2018, lakini Jaji Jacqueline Nguyen alipinga, akisema familia ya Gaye imepewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kupewa: umiliki wa mtindo wa muziki. Nakubaliana naye moja kwa moja. Mtindo ukiwa na mwenyewe, hakuna dansi, hakuna benga, hakuna singeli, kwa sababu kila msanii wa mitindo hiyo alijifunza kwa kusikiliza mwingine na kutaka kusikika hivyo.

Tazama rumba. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za Kuba ziliuzwa Afrika katika mfululizo uliojulikana kama GV. Wanamuziki wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville walizisikiliza hadi baadhi wakaimba maneno yenye mlio wa Kihispania ambayo hayakuwa na maana kwa yeyote. Kisha gitaa likachukua kazi ya kinanda, likaongezewa jenzake, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ikarefuka, na muziki ukawa wa Kongo. Kutoka huko ukaja kwenye bendi za Dar es Salaam, pamoja na wanamuziki wenyewe, Remmy Ongala akiwa mmoja wao. Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kama urithi wa binadamu. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo ambayo ingepona chini ya hukumu ya "Blurred Lines".

Pwani yetu ilikwenda mbali zaidi, ikachukua hata melodi, na bila kificho. Juma Bhalo wa Mombasa alipendwa kwa taarabu yenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Wasikilizaji wake waliokuwa wakienda sinema waliutambua wimbo wa asili mara moja. Walichofuata ni sauti yake, na maneno, mengi yakiwa ya nduguye Ahmad Nassir, yule mshairi wa "Malenga wa Mvita". Kwa utamaduni ulioutukuza ushairi, mahadhi ya kuazima hayakuwa aibu. Kwa sheria, mahadhi yale yalikuwa na wenyewe huko Bombay. Sioni haja ya kuficha lolote kati ya hayo mawili.

Ugumu mkubwa kuliko wote, kwangu mimi, uko kwenye reggaeton, muziki wa dansi unaoimbwa zaidi kwa Kihispania. Mwaka 1989 Wajamaika wawili, Steely na Clevie, walirekodi mdundo ulioitwa "Fish Market". Mwaka uliofuata Shabba Ranks akaimba "Dem Bow" juu ya mdundo wa aina hiyo, na kutoka hapo ukapatikana mdundo unaobeba karibu reggaeton yote. Kesi ya upande wa Steely na Clevie iliyofunguliwa mwaka 2021 inagusa zaidi ya nyimbo 1,800, na mwaka 2024 jaji wa Los Angeles alikataa kuitupilia mbali. Mdundo ni mtindo, ndivyo nilivyosema hapo juu. Lakini huu una siku ya kuzaliwa, una rekodi, na una wazazi waliopata kidogo mno kutoka kwenye utajiri uliotengenezwa juu yake. Pale ambapo rekodi yao ilikatwa na kupachikwa, walipwe. Pale ambapo ulipigwa upya, ningesita.

Halafu kuna wizi ambao haukuhitaji mtaalamu wa muziki kuutambua. Mwaka 1939, studio ya Gallo huko Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi "Mbube". Karibu na mwisho wa rekodi, Linda alibuni papo hapo mstari mmoja kwa sauti ya juu. Mwimbaji Pete Seeger aliisikia santuri hiyo Marekani, akalisikia neno "uyimbube" kama "wimoweh", na kundi lake, The Weavers, likauimba. Mwaka 1961 mstari ule alioubuni Linda ukawekewa maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala, kundi la The Tokens likafika namba moja, na miaka ya 1990 ukaingia kwenye filamu ya Disney. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Haki zake alikuwa ameziuza kwa shilingi kumi. Binti zake walipata mapatano mwaka 2006, na mlango waliopitia ulikuwa kifungu cha sheria ya kifalme ya Uingereza ya mwaka 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyebisha kwamba nyimbo zinafanana. Kilichokosekana ni jina lake na fedha zake.

Tangu hukumu ya 2015 makampuni ya muziki Marekani yamekuwa yakiongeza majina ya watunzi wa zamani mapema, kabla barua ya wakili haijafika. Wengine wanastahili: Sam Smith na wenzake walikubali kwamba "Stay with Me" (2014) inakaribia sana "I Won't Back Down" ya Tom Petty na Jeff Lynne, wakawapa kila mmoja asilimia 12.5 ya utunzi, na Petty akasema mambo kama hayo hutokea. Wengine wanaongezwa kwa hofu tu, na hapo fedha zinatoka kwa mtunzi kijana kwenda kwa mtu ambaye hakuandika noti hata moja. Sheeran, baada ya kesi ya London, alieleza kwamba sasa anapiga video ya kila kikao chake cha kutunga. Mtunzi wa Mwanza au Kisumu hahitaji kamera. Zile sauti anazojirekodi kwenye simu zina tarehe zake. Azihifadhi zote, hasa zile mbovu za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazoonyesha melodi ilivyotafutwa, ilivyokosewa na ilivyopatikana.